Chumvichumvi Inangoja Mvua

Jumatatu, 26 Januari 1976

Mbolea imefika! Ilikwama Isaka tangu kabla ya Noeli kwa sababu ya tope barabarani. Sasa tope limekauka, na mvua nayo imekata. Nimepata mfuko mmoja wa chumvichumvi. Nimeubeba mwenyewe, nikijitia ujana. Mke wangu Salvina akauliza mfuko huu unaotembea umeitoa wapi miguu ya mume wake.

Alhamisi, 29 Januari

Cornel, bwana shamba wetu, kapita na baiskeli. Kaelekeza: kisoda kimoja, kifuniko cha chupa ya soda, kwa kila shina, kando kidogo, kisha ufukie. Udongo uwe umelowa. Ukiweka pakavu unaunguza. Na iwe kabla ya mbelewele, lile ua la kileleni, kutoka, la sivyo ni kumpa maziwa mtoto aliyekwisha kuoa. Akasema mahindi yangu yamefika kiunoni. Kiunoni kwake. Kwangu mimi yamefika kifuani.

Ila ni ya manjano. Mwaka jana tulikula unga wa msaada. Sitaki kuuona tena.

Jumapili, 1 Februari

Padre huja mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine ibada naongoza mimi, katekista. Leo nimefundisha amri ya kuitakasa siku ya Bwana. Nadhani nilifundisha vizuri — nilimkazia macho Herman tangu mwanzo hadi mwisho. Jumapili iliyopita alionekana akipalilia pamba.

Tulipotoka nje akaja. "Shikamoo, Mwalimu. Magugu yangu hayajabatizwa. Hayajui Jumapili." Watu wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikampa adhabu ya kufagia kanisa mwezi mzima.

Jumatano, 4 Februari

Jua. Mawingu yanakuja toka ziwani, yanatutazama, yanakwenda zao.

Jirani yetu Theonest alichoka kungoja, akaiweka mbolea yake pakavu. Leo majani yake yameungua ncha kama yaliyopitiwa na pasi. Salvina kapasua shina letu moja. "Baba Anisia, mbelewele hii hapa ndani. Inachungulia." Nikamwambia atulie, Mungu hachelewi. Akasema Mungu hana haraka, hali ugali.

Jumamosi, 7 Februari

Mvua! Imeanza alasiri, imepiga mpaka bati likatushinda kuongea. Cornel kaja kujibanza barazani, chapachapa.

"Kesho asubuhi, Mwalimu."

Nikamwambia kesho ni Jumapili. Akasema hata yeye anazijua siku za wiki. Jumatatu na Jumanne ni shamba la kijiji, wote tunatakiwa, hakuna ruhusa. Baada ya hapo mchanga wetu huu utakuwa umekauka na mbelewele ziko nje. Kwa hiyo ni kesho, au basi.

Salvina alikuwa anachagua visoda visivyo na kutu.

Jumapili, 8 Februari

Naandika nyuma ya altare. Nimejifanya natafuta somo. Somo ninalo mkononi.

Kanisa limejaa kuliko Pasaka! Majembe yameegemezwa ukuta mzima wa nje. Bibi Generosa ana ndoo ya chumvichumvi miguuni, kaifunika kanga kwa heshima kama mtoto wa kubatizwa. Nilipopita akanishika mkono: "Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu." Milele amina. "Sisi tunangoja tu utakavyosema wewe."

Ardhi bado imelowa. Jua limeshatoka.

Wimbo wa kuanzia umefika mwisho, wameurudia. Kuna kitu kwenye wimbo huo sikukielewa mara moja. Halafu nikaelewa: anayeanzisha si Salvina. Nyimbo huanzisha Salvina, tangu kanisa hili likiwa la nyasi. Asubuhi aliniambia nitangulie, anatafuta kitambaa cha kichwa. Au visoda vyake.

Nimechungulia. Mahali pake kwenye benchi ya mbele pako wazi. Jirani na hapo kakaa Herman, nguo safi, mikono magotini. Anatazama mahali pa Salvina, ananitazama mimi, anapatazama tena. Anatabasamu kwa adabu nyingi mno.

Ubeti wa mwisho huo. Wamenyamaza. Wote wanageukia huku —