Maharagi Nyeusi ya Mama

Bukavu, zone ya Kadutu, mwezi wa saba

Mutoto wetu Nsimire amepita, Yaya. Amepita na distinction kubwa mbele ya maprofesa, na kitu kilichomupitisha ni maharagi ya Mama. Ndiyo, yale yale yaliyotutenganisha miye na weye. Weka jembe chini, kaa kwanza, halafu nikusalimie sawa mutu mwenye adabu.

Sasa nakusalimia. Yaya Faida, dada yangu mukubwa, uko muzima? Mugongo wako unaokuuma wakati wa mvula umepunguka? Watoto na wajukuu wanakula, wanalala muzuri? Siye huku tuko, Mungu anatulinda. Papa Nsimire angali anapiga mashini ya kuandika mu biro yake ya kazi, macho yameanza kuchoka lakini hataki miwani, anasema miwani ni ya wazee. Baridi ya Bukavu nayo iko vilevile. Asubuhi ukungu unatoka ku ziwa, unapanda mpaka huku Kadutu, unaingia mu nyumba bila kupiga hodi, na miye tangu niolewe sijauzoea. Kila nikiwasha makala nawaza Bunyakiri, namna joto linakuamsha mbele ya jogoo, namna mvula inapiga majani ya migomba mpaka watu wawili mu nyumba moja hawasikilizani. Nakumbuka Mama akipiga maganda ya maharagi na fimbo mu lupango, pale uwanjani, siye wawili tunakimbilia zile zinazoruka mbali. Weye ulikuwa unanipatia nyeusi zote juu nilizipenda, unabaki na nyeupe. Vitu hivyo sijasahau, hata kama tumekaa miaka hii yote bila kuonana.

Barua hii nimeandika kwa mukono wangu. Papa Nsimire alitaka kunisaidia, nikamukatalia. Masomo yangu yaliishia kwa masista, unajua, lakini habari ya tumbo langu nitaiandika miye mwenyewe, na makosa yake.

Basi sikiliza. Siku ile ya Nsimire kutetea kazi yake nilivaa kikwembe kipya, kile cha maua mekundu, nikafunga kitambaa mpaka jirani yangu akauliza kama naenda kupokea raisi. Nilimujibu naenda kupokea mukubwa kuliko raisi. Mu chumba kikubwa cha shule nilikaa musitari wa mbele, hakuna mutu alinionyesha pale, nilijikalia. Maprofesa waliingia na makoti yao ya abacost, wanakohoa sawa mapadri mbele ya misa. Mutoto wetu akasimama, mwembamba sawa muwa, na sauti ikatoka, Yaya, sauti ya Mama kabisa. Wakamuita citoyenne Nsimire, ni kusema mwananchi Nsimire. Jina la ubatizo la Claudine serikali ilikataza, limebaki kwa padri tu na kwa koo langu ninapokasirika.

Yote ilikuwa Kifaransa. Neno moja nashika, matatu yananipita, Papa Nsimire ananinongonea ku sikio. Mara mbili nilipiga makofi mbele ya wakati, akanifinya paja. Lakini macho yangu yalikuwa ku meza, kwa sababu pale kulikuwa sahani tatu za maharagi. Ya kwanza ilijaa makubwa ya manjano na ya nyekundu. Ya pili, madogo-madogo ya rangi ya majivu. Ya tatu, Yaya, nyeusi, zinametameta sawa macho ya panya. Ya kwanza nilijua ni ya shamba letu la Mudaka. Ya tatu nilijua ni yako.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, usinikasirikie, sirudii shauri ile ili nikuchome. Unakumbuka siku ya ndoa yangu Mama alijaza kitunga maharagi ya rangi zote, nyeusi zikizidi, na kukiweka ku kichwa changu mwenyewe. Sawa desturi ya kwetu sote: musichana anatoka na mbegu ya nyumba, na siku mbegu ya nyumba ikikufa, yule aliyetoka anairudisha. Nilipanda mbegu ile ku Mudaka, ku shamba la wazazi ya bwana yangu, kila musimu. Sikuuza, sikuchanganya na ya soko, mbele ya Mungu. Halafu ikaja ile mvula mubaya kwenu, maharagi yakaoza yote, Mama akakula mbegu ya mwisho na weye ukanitumia habari nirudishe. Nikajaza kitunga, nikakipandisha ku kamyo ya mizigo. Ulipokifungua ukaona manjano na nyekundu, na nyeusi mbili tatu zimejificha chini. Mama alikufa musimu uleule. Na ku matanga yake, mbele ya watu, ukasimama na kusema: "Mapendo amekula mbegu ya Mama mu nyungu ya Bukavu. Alichotutumia ni ya soko." Mujomba Kahindo akakata shauri, mpaka mbegu ya Mama ionekane, nyumba hizi mbili hazitakula sherehe moja. Nilirudi Bukavu juu ya mifuko ya makala, nimefunika uso.

Nsimire alikuwa mudogo, alikuwa amelala ku mapaja yangu pale ku matanga. Miye nilizani amelala. Kumbe hakulala.

Alipofika ku iniversite na wakamuuliza anataka kutafuta kitu gani, wenzake walisema kahawa, wengine kinini, ule muti wa dawa ya malaria. Yeye akasema maharagi. Nililia kidogo, nasema kweli. Nilizania mutoto wangu atavaa kanzu nyeupe na kuangalia vitu vikubwa, naye anarudi ku jembe la koko yake, mama yetu. Akaja akaniomba kitunga kimoja kutoka ku ghala yangu, nikampa. Sikumuuliza kinaenda wapi. Alikigawanya sehemu tatu. Moja alipanda hapohapo Mudaka. Moja alipeleka Mumosho kwa dada ya bwana yangu, kule karibu na Ruzizi ambako jua linachoma na mvula inakata haraka. Na ya tatu, Yaya, alikuletea weye.

Najua unaanza kuelewa. Ngoja nimalize.

Watoto hawakufungwa na shauri yetu, ulimupokea, ulimupikia sombe ya majani ya muhogo na samaki, alinieleza namna ulimupaka mafuta ku miguu iliyochoka. Akakuomba kipande kidogo kando ya migazi yako ya mawese, akasema ni mbegu za masomo. Na alisema kweli, hakusema tu zimetoka ghala gani. Ulipoona manjano na nyekundu ulicheka, ukamuuliza kama ku masomo pia wanapanda ya soko sawa kwa mama yake. Mutoto huyo kinywa chake kina mulango na kufuli, tabia hiyo hakuitoa kwangu, aliitoa kwa baba yake. Kila mavuno anachukua yote, anaenda kuhesabu rangi kwa rangi, na musimu unaofuata anakurudishia mbegu ileile, anakuambia usichague, panda vile ilivyo. Ukamulaumu kwamba maprofesa wanafundisha watoto uvivu. Lakini ukapanda. Na kila akirudi nyeusi zinaongezeka, weye ukisema mutoto sasa amejifunza kupata mbegu muzuri.

Halafu mavuno ya mwisho. Ulikuwa unapepeta, alinieleza, ukasimamisha ungo, ukakaa chini. Ukasema: "Haya ndiyo maharagi ya Mama. Haya njo yenyewe." Ukajaza kifuko, ukamupatia aniletee, na neno lako juu yake, kwamba nione basi namna maharagi ya kweli yanafanana. Yaya, kifuko kile kilinifikia. Nilikaa nacho ku kitanda, nikakasirika mpaka nikashindwa kula. Nilitaka kukitupa ku ziwa. Na Nsimire ananiangalia tu, ananiambia, maman, weka, nitakiomba siku ya kutetea kazi yangu.

Njo ile sahani ya tatu.

Basi profesa mukubwa, muzee wa kipara, akainama juu ya meza, akauliza nani alichagua rangi hizi. Nsimire akajibu, na hii nilishika bila kunongonewa, juu alisema Kifaransa chepesi, pole pole, akiniangalia miye: "Hakuna mutu alichagua. Kitunga kilikuwa kimoja, cha mama yangu. Mashamba yalikuwa matatu."

Nilisimama. Papa Nsimire alivuta kikwembe changu, nikasimama vilevile.

Ku nyumba nilimuketisha, nikamwambia anieleze sawa anaeleza mutoto wa chekechea. Nisikilize namna nilivyoelewa. Hakuna haragi hata moja iliyogeuka rangi. Nyeusi inazaa nyeusi, manjano inazaa manjano, sawa siye tunavyojua. Lakini kila moja iko na tabia yake. Ile nyeusi ina muzizi mugumu, mvula nyingi na joto vya Bunyakiri haviiozeshi. Ya manjano kwenu inaoza mbele ya kuchanua, lakini huku baridi ya Mudaka inaifurahisha, inajaza ganda. Ile ya majivu inakomaa haraka, inakimbia jua la Mumosho, jua likifika yenyewe imekwisha zaa. Basi kila musimu, ile inayopatana na shamba inaacha watoto wengi mu kitunga, ile isiyopatana inaacha wachache ao hakuna. Unapanda tena vile ilivyo, wanaongezeka tena. Mwisho unaona rangi moja imejaa na unasema mbegu imebadilishwa. Kumbe ni jamaa ileile, ni waliobaki tu wasiofanana.

Nikamuuliza, shamba lina akili? Akacheka, akasema hapana, maman, shamba halina akili wala macho, halitaki kitu, ni kufa na kuzaa tu. Akasema hata wadudu wako hivyo, hata nyama ya pori, hata watu, polepole sana, na hayo siku nyingine. Nikamwambia hayo ya watu amuulize kwanza padri. Lakini nililala nikiwaza nyeusi zile mbili tatu zilizojificha chini ya kitunga nilichokutumia. Mama alikuwa mule ndani, Yaya. Nilikutumia Mama kweli. Na ungepanda kitunga kile kwenu, misimu michache tu, angerudi mwenyewe mbele ya macho yako. Lakini ulikipika, na miye pale ningekuwa weye ningepika vilevile. Nani angejua? Mama mwenyewe alichanganya rangi zote maisha yake yote, alisema tu kwamba rangi moja peke yake ni njaa. Hakusema sababu. Labda hakuijua.

Sasa usimukasirikie mutoto. Nilimuuliza kwa nini hakutwambia, akasema angetwambia mbele, mumoja wetu angechagua mbegu kwa vidole ili ashinde, na kazi ingeharibika. Nikacheka mpaka machozi, juu ni kweli. Nafikiri ni miye ningeanza.

Sitaki uniombe pole. Maneno ya matanga yalikuwa ya matanga, ulikuwa umezika mama yako, na miye sikuwa naye siku za mwisho wakati weye ulimugeuza ku kitanda usiku na muchana. Hiyo naijua. Ninachotaka ni kitu kimoja. Chukua maharagi ya kile kipande kando ya migazi, yapeleke kwa mujomba Kahindo, umwambie yametoka ghala gani. Umwambie weye, kwa kinywa chako, juu neno langu kwake ni la mutu aliyeshitakiwa. Akisema mbegu ya Mama imeonekana, basi pandeni kamyo wote. Tutafanya sherehe ya Nsimire hapa lupango. Mbuzi iko, kasiksi, pombe ya ndizi, nitapika miye, na wamama wa Kadutu nimekwisha waambia dada yangu mukubwa ndiye atakayekaa karibu na mutoto. Usinifanye muongo. Kuja na nyeusi zako na chupa ya mawese ya kwenu, huku wanauza maji ya rangi. Tutapika nyungu mbili, yako na yangu, na watu watakula bila kujua nani ni nani. Kisha tutachanganya mbegu zote tatu upya, utarudi na kitunga chako na miye nitabaki na changu, mvula ya mwezi wa tisa isitukute mikono mitupu.

Nisalimie mujomba Kahindo, muzee wetu wa kukata shauri, umwambie goti langu linakumbuka kumupigia salamu. Nisalimie bwana yako, fundi wa mbao, na mutoto wako wa kwanza Riziki anayefundisha ku shule ya misioni, na maman Zawadi jirani aliyetulindia mulango wakati wa matanga. Watoto wadogo uwabusu hata kama hawanijui, uwaambie wana maman mudogo mwenye maneno mingi.

Nikomee hapa, makala yamezimika na mukono umekufa ganzi. Ni miye mudogo wako Mapendo, sasa wananiita Mama ya Muhandisi wa kilimo, nitakayesimama ku kituo cha kamyo toka asubuhi nimevaa kile kikwembe cha maua mekundu, kuwangojea wote, na weye wa kwanza kushuka, siku ya posho, ni kusema Jumamosi, tarehe kumi na tano ya mwezi wa munane, siku Mama Maria alipopalizwa mbinguni.