Umerudi Unang'aa

Jumatatu, 4 Agosti

Daftari arobaini, nimesahihisha kumi na moja. Darasa la nne hawaachi ile -ga yetu ya Mwanza, ya jambo linalotokea kila mara. "Mama anaendaga sokoni." "Tulichezaga mpira." Nafuta kwa kalamu nyekundu. Nyumbani tunaongea hivyohivyo, lakini mtihani haujui mambo ya nyumbani.

Wakati wa mapumziko kaja Rehema, mwalimu wa hesabu. Binamu yake Deo alikuwa anafanya kazi hotelini pwani, amerudi na mbao mbili za kutelezea juu ya mawimbi. Ijumaa, sikukuu ya wakulima ya Nane Nane, anataka kuzijaribu Igombe, ambako ziwa liko wazi na upepo wa mchana unaleta mawimbi. Akauliza nani anakuja. Nikasema mimi. Sijui nani alinituma. Ubao ninaoujua mimi ni wa chaki.

Nina miaka thelathini na moja. Hapa Nyegezi ziwa naliona nikianika nguo. Sijaliingia hata kwa mguu tangu nikiwa na miaka tisa.

Jumanne, 5 Agosti

Hasira siku nzima, bila sababu. Chaki tatu zimekatika. Nilitaka kumwambia Rehema naumwa tumbo. Sikumwambia.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemdanganya mama. Nimemwambia Ijumaa nakwenda kwenye maonyesho ya wakulima. Amefurahi, kaniagiza mche wa papai, ule mfupi unaozaa haraka. Nimejiona mshenzi.

Kwa mama ziwa halitajwi. Kaka yangu Masalu alizama akiwa na miaka kumi na tatu. Kabla ya hapo mama alikuwa na kipimo chake. Jioni anakushika mkono, anakukwaruza kwa ukucha. Ngozi iliyotoka ziwani hukauka, ukucha unaacha mstari mweupe. Mstari ukionekana, fimbo. Masalu akapata dawa yake: mafuta ya mgando. Mikono na miguu alijipaka mwenyewe. Mgongoni nilimpaka mimi, nyuma ya choo, kisha narudisha kopo mahali pake. Nilijiona mtu mkubwa.

Miezi yote ile mama hakuona mstari. Halafu siku moja Masalu hakurudi. Kama nisingempaka, angechapwa, angeacha. Miaka ishirini na miwili nakula sahani moja na mama, na hilo sijamwambia.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimenunua suruali ya kubana. Sitaki kwenda. Nikiambiwa safari imeahirishwa nitalia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekwenda.

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia. Deo katulaza juu ya mbao mchangani, katufundisha kuinuka kwa mkupuo mmoja. Mchangani niliinuka vizuri sana. Saa nane upepo ukaanza. Kanivalisha jaketi la kuokolea, kasema hatutapita maji ya kifuani. Maji yalipofika magotini miguu ikakataa. Rehema aliniita mara mbili, kisha akanyamaza kwa huruma. Huruma hiyo ndiyo iliyonipa hasira, nikaingia.

Nimeanguka. Nimeanguka tena. Maji puani, mchanga mdomoni. Akina mama waliokuwa wanaanika dagaa waliacha kazi wakatutazama, na mmoja akauliza, "Dada, unabatizwa mara ngapi?" Nilicheka nikanywa maji. Mara moja nilifumbua macho huko chini. Kijani tu. Sijui nilitegemea kumwona nani. Hapana, najua. Masalu.

Karibu na saa kumi nilisimama. Kwa muda wa kuita majina mawili ya mahudhurio, basi. Wimbi lilinibeba na nilikuwa na furaha. Naiandika kama ilivyo. Nilielewa kwa nini alikuwa anarudi kule kila siku. Halafu nikaona aibu.

Kabla ya kuondoka nilijipaka mafuta ya Rehema mwili mzima. Sikuamua, mikono ilijifanyia yenyewe. Mche wa papai nimeukumbuka nikiwa mlangoni.

Mama alikuwa uani anachagua mchele. Shikamoo. Marahaba. Akanishika mkono, akapitisha ukucha, mimi mtu mzima na mwalimu wa watu. Hakuna mstari. Akanitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Watu wanarudi Nane Nane na vumbi, Kabula. Wewe umerudi unang'aa."

Akaingia ndani.

Jumamosi, 9 Agosti

 Mama kaiweka chai mezani, kaondoka. Kafagia uwanja mara mbili. Mimi nimekaa, nimesimama, nimekwenda dukani kununua chumvi wakati chumvi ipo. Daftari zote nimemaliza. Mbili nimezisahihisha vibaya ikabidi nirudie. Bora angenichapa.

Jumapili, 10 Agosti

Tuliporudi kutoka kanisani nimemwambia. Si habari ya Igombe, hiyo alishaijua. Mafuta. Mgongo wa Masalu. Nyuma ya choo. Nilisema nikitazama ungo wa mchele uliokuwa mapajani mwake.

Aliendelea kuchagua. Akatoa chuya, akawatupia kuku.

"Nilijuaga," alisema. "Kopo la mwezi mzima lilikuwa linaisha wiki mbili. Nanunua lingine. Namkwaruza, sioni mstari, naenda kulala."

Nilijuaga. Hakusema nilijua. Alijua siku ile, na kesho yake, na kila jioni alipotushika mikono. Sina kalamu ya kuifuta hiyo.

Nililia, yeye hakulia. Alinisogezea upande wa pili wa ungo tukachagua wote. Baada ya muda akauliza kama maji yalikuwa ya baridi. Nikamwambia juu yana joto, baridi iko chini. Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi.

Mchele ulipokwisha akainuka, akakung'uta kanga, akasema mche wake wa papai bado anausubiri.