Geti Langu la Kwanza

Jumatatu, 3 Machi
Nimevaa ovaroli ya mdogo wangu. Nimeikunja miguu na mikono, bado nafanana na gunia lililovaa viatu. Studio yangu ilikufa mwaka jana. Kila mtu ana kamera mfukoni, nani atanilipa nimpige picha? Kodi ikanishinda, chumba kikaenda, mwanangu akaenda kwa bibi yake. Mimi nalala kwenye kochi la wifi na najifunza kuchomelea vyuma kwa mumewe, huyo mdogo wangu. Umri huu! Mdogo wangu kasema geti la mteja wake mmoja, muuguzi, nilitengeneze peke yangu. Likitoka sawa, mwezi ujao ananilipa kama fundi. Nikampigia mwanangu simu palepale, nikamwahidi chumba. Mdomo wangu huu!

Jumatano, 5 Machi
Kioo cha kuchomelea ni giza tupu. Miaka yote macho ndiyo yaliyonilisha, leo nifanye kazi kama kipofu? Nikawa nakiinua kidogo — nichungulie tu. Mdogo wangu akafoka: dada, unayataka hayo macho au huyataki? Nikamjibu, mwanga naujua mimi kabla yako.

Alhamisi, 6 Machi
Macho kama yamejaa mchanga. Naandika kwa kupapasa. Wifi kaniletea kitambaa cha maji baridi. Kisha, kwa upole kabisa, akauliza kochi nitalihitaji mpaka lini.

Jumamosi, 8 Machi
Nimerudi kazini macho mekundu. Niliogopa geti lisije likapewa mtu mwingine. Nimechomelea upande mmoja wote, mfululizo, mbiombio, bila kushikiza pembe nne kwanza kwa vidoti vya moto kama nilivyofundishwa. Chuma kikipata moto kinavuta, kinapinda. Nalijua hilo. Nikajisemea litakaa tu.

Jumatatu, 10 Machi
Halikukaa. Kwa muuguzi, majirani wote wakitazama, geti limegoma kufunga. Chini limekutana, juu mkono mzima unapita. Muuguzi akauliza kama hapo pa juu ni pa kupitia paka. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka — mjinga mimi! Mdogo wangu akaomba radhi, akasema kosa ni lake, hakusimamia. Tumelirudisha kwa mkokoteni. Njia nzima kausukuma peke yake, mimi nyuma. Bora angenitukana.

Nimechoka. Sina ninachokijua ambacho mtu bado anakitaka.

Jumanne, 11 Machi
Nimekuta geti limeshakatwa vipande, mdogo wangu analiunga upya mwenyewe. Nimemsalimia, kaitikia kwa kichwa. Nikachukua ufagio, maana kusimama bure ni aibu. Hajasema nibaki, hajasema niondoke. Siulizi.

Halafu simu. Mama: shule zimefungwa, mtoto kagoma kungoja mwezi ujao, wameshapanda basi. Akampa mtoto simu. Mama, kitanda changu kiko dirishani?

Nimesema ndiyo, dirishani.

Mdogo wangu amesikia. Amezima mashine, amevua kioo, ananitazama tu. Na mimi nimekaa juu ya ndoo, najifanya bado nina la kuandika —