Redio ya Mfalme wa Palermo

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa katika kituo cha polisi, kusini mwa Louisville, Jumatatu tarehe 18 Aprili 2016, saa 3:40 asubuhi.
Jina: Adolphine Kanyana. Umri: miaka 47. Kazi: kuhudumia wazee. Makazi: Beechmont. Mkalimani: Bi. Edah Jemutai.

Mimi ni mke wa Bagula, aliyewaambia polisi kwamba Aganze alituibia redio. Nimekuja kwa basi, na mume wangu hajui. Aganze hakuiba. Amelala mahabusu siku mbili, na karatasi zake za uraia bado zinashughulikiwa, kwa hiyo siwezi kuendelea kunyamaza.

Mnamo Novemba 2014, Murhula, aliyekuwa mwalimu wa historia kule Bukavu na sasa anakaa Riverside, Buffalo, alianzisha mchezo wa kwenye simu. Alichora Bahari ya Kati ya miaka mia tisa iliyopita, lakini si ile ya vitabuni: kwake Waarabu hawakunyang'anywa Sisilia, na Venisi ina mfalme. Venisi aliichukua mwenyewe. Gatsinzi wa Columbus alichukua Misri. Mume wangu akapata Palermo, mji mkuu wa Sisilia, na Aganze, mwenzake wa ghalani Okolona, akapata Tunis. Kila Jumapili baada ya ibada wanapigiana simu, wanaazimana meli, wanasalitiana.

Mimi sikupewa hata kijiji. Lakini ramani imebandikwa sebuleni kwangu, na kila nikipangusa vumbi naangalia nani amesogea. Nilitaka sana kujua kwa nini watu waliokimbia vita vya kweli wanagombania bahari ambayo hawajawahi kuiona. Nilimwuliza Murhula. Alinijibu, "Mama Précieuse, huku ni siye tunachagula siku vita inaisha." Jibu hilo nimekaa nalo mpaka leo.

Sheria ya Murhula ni kwamba hakuna agano bila rehani. Wanaoungana hupeana funguo za nyumba. Mmoja akigeuka, mwenzake ana haki ya kuingia mchana, mtu wa nyumba hiyo akiona, na kuchukua kitu kimoja cha sebuleni kinachobebeka kwa mkono mmoja. Niliwaambia hii ni Amerika, majirani hawajui mambo ya Palermo. Walinicheka. Tarehe 7 Februari mwaka huu Bagula na Aganze walibadilishana funguo mezani pangu, wakala fufu na sombe.

Jumapili tarehe 10 Aprili, Bagula aliungana na Venisi, wakachoma meli za Tunis. Jumamosi tarehe 16, saa 8:15 mchana, nilikuwa napika maharage. Aganze alifungua mlango kwa ufunguo, akavua viatu, akasema, "Mama Précieuse, unisamehe. Donc, Papa Bagula amevunja agano. Nakuja kukamata haki yangu." Nilimwambia akamate, ila anywe chai kwanza. Alikunywa. Kisha akachukua redio ya marehemu baba mkwe wangu. Haisemi tangu tulipokuwa kambini, lakini Bagula aliibeba kutoka kwao Walungu hadi hapa. Nilijua mambo yataharibika, na sikumzuia. Hilo ni kosa langu.

Jirani alimwona akitoka na redio, akapiga simu. Aganze alikamatwa kwenye kituo cha basi saa 9:05. Bagula alipofika kutoka kazini, afisa alimwuliza kama alimpa mtu huyu ufunguo. Bagula aliitazama redio mikononi mwa afisa, akasema hapana. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mwiko. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema. Baadaye nilimwambia, "Papa Précieuse, umesema uongo." Akanijibu, "Bon, ile redio ni ya baba yangu. Nyamaza." Alikuwa karibu kulia. Nampenda mume wangu, na nimemwonea aibu.

Naweka mezani ufunguo huu. Ni wa nyumba ya Aganze, rehani yake kwa Bagula. Ulikuwa kwenye msumari kando ya ramani. Jaribuni mlango wake.

Haya nimeyasema kwa hiari yangu, nimesomewa, na sina la kupunguza.

Sahihi: A. Kanyana

Maelezo ya afisa: Ufunguo ulijaribiwa saa 5:20 asubuhi nyumbani kwa mtuhumiwa. Mlango ulifunguka. Shahidi aliulizwa kama redio irudishwe kwa mume wake. Alijibu kupitia mkalimani: "Hapana. Ni ya Tunis."