Mzinga wa Kifaru cha Hamdi

Ismailia, 9 Septemba 1998

Kaka Galal,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, alhamdulillah, ila mama na magoti yake. Asali yako ya miwa imefika, na kama kila mwaka anauliza, "Na yeye mwenyewe hana miguu?"

Sasa nicheke. Mtu mzima, fundi wa mafriji, nimenunua kifaru cha plastiki cha kuunga kwa gundi, kinakaa kiganjani. Ni aina ileile mliyopanda wewe na marehemu kaka yangu Hamdi mwaka wa vita vya sabini na tatu. Kaburi la mwanawe mama hana, basi anataka aone walau chombo alichoondoka nacho. Daktari anasema macho yake yamebakiza miezi. Nisaidie: rangi gani? Nambari? Nyuma mlifunga nini? Na siku ile mzinga ulielekea wapi? Nataka nigundishe kila kitu kama kilivyokuwa.

Mdogo wako,
Metwalli


Mallawi, 24 Septemba 1998

Mdogo wangu,

Wa aleikum salaam. Huku joto tu, watoto wazima.

Rangi ni ya mchanga, lakini usiipake vizuri! Sisi tulipaka kwa ufagio, kijani cha zamani kikawa kinachungulia kila pembe. Nambari 613, Hamdi aliichora mwenyewe. Ile tatu imelala kama mtu mwenye usingizi. Nyuma tulifunga sufuria ya maharagwe kwa waya. Ilikuwa zamu yangu kupika, naye akapiga kelele kutoka chini, kwenye kiti chake cha udereva, "Galal, ukilenga unavyopika, tumekwisha!"

Mbusu mama mkono.

Kaka yako,
Galal


Ismailia, 1 Oktoba 1998

Kaka Galal,

Assalaam aleikum. Mama ameicheka hiyo sufuria mpaka akalia. Nambari niliichora nzuri mno, nikaifuta, nikaichora kwa mkono wa kushoto. Rangi nimeikwaruza kwa msasa, nikapaka vumbi la chaki.

Kimebaki kichwa cha juu, kile kinachozunguka na mzinga wake. Hukunijibu: ulielekea wapi?

Mdogo wako,
Metwalli


Mallawi, 18 Desemba 1998

Metwalli,

Assalaam aleikum. Ramadhani inaingia, nami siwezi kufunga tena mwaka mwingine na neno hili tumboni.

Mlengaji nilikuwa mimi. Niliugeuza mzinga kushoto, ukasimama juu ya mlango wa dereva, ule ulio juu ya kichwa chake. Hapo hapo tukapigwa, moto ukawaka. Mzinga ukiwa pale, mlango wa dereva haufunguki. Kulikuwa na gurudumu la kuuzungushia mzinga kwa mkono. Mizunguko michache tu, Hamdi angetoka. Mimi niliruka. Nilimsikia akigonga.

Ndiyo maana natuma asali. Uso wa kuja sina. Msomee mama, au usimsomee.

Galal


Ismailia, 4 Januari 1999

Kaka Galal,

Assalaam aleikum, na Mungu azipokee funga zako.

Sitakuficha. Siku ya kwanza nilikibeba kifaru nikakitupe mferejini. Adhana ikanikuta njiani, nikarudi nacho.

Mama nimemsomea baada ya futari. Akasema, "Ugeuze ulivyokuwa." Nikaugeuza. Akaujaribu ule mlango kwa ukucha, ukakataa. Siku mbili hakusema na mtu.

Ya tatu, baada ya sala ya alfajiri, nilimkuta mezani, uso umekaribia kugusa plastiki, anausukuma mzinga kwa kidole, taratibu, mpaka ukaondoka pale juu. Akauinua mlango.

"Alikuwa na miaka mingapi, huyo Galal?"

"Ishirini, mama."

"Mtoto," akasema. "Mwandikie. Miaka ishirini na mitano analeta asali, sasa alete mdomo wa kuilia. Aje Idi, nikiwa bado naona. Na asithubutu kupika."

Kile kichwa sikukigundisha, kaka, wala sitakigundisha. Nitakungoja kituoni.

Mdogo wako,
Metwalli