Filimbi ya Susu

Jumatano

Sijui ni nini kilichonifanya niipulize. Nilikuwa nafagia nyumba ya nyanya yangu, Susu, tuliyemzika wiki iliyopita, nikaiona filimbi yake kwenye msumari. Ndiyo aliyowaitia akina mama wakachimbiane mitaro shambani, udongo usisombwe na mvua. Bado inanuka ugoro wake.

Nikaipuliza mara moja tu, tena kidogo.

Hata sijamaliza kufagia, wakajaa uani na majembe yao. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

“Leo tunachimba kwa nani?” Mama Mutuku akauliza.

Nikasema pole, nilikuwa najaribu. Hakuna aliyecheka.

“Hiyo haijaribiwi, mwanangu. Basi kesho twende kwa Mama Mueni, mtaro wake umebomoka. Upige mapema.”

Kesho! Kesho natakiwa kazini mjini, kiwandani EPZ, na msimamizi amechoka na habari zangu za matanga. Nikamweleza hivyo Mama Mutuku. Akanijibu, “Hata Susu alikuwa na kazi zake.”

Nimekasirika mpaka usingizi umekataa. Kazi hii nikiipoteza, nani ata...

Begi liko mlangoni, limefungwa. Lakini filimbi sikuirudisha kwenye msumari. Nimeivaa shingoni.