Hodi Kwenye Kibanda cha Watumwa

Mjukuu wangu Salma,

Hapa Adelphi hatujambo. Mama yako amepata kazi ya kutunza wazee kule Greenbelt, na babu yako anakusalimu. Umeniuliza kwa Kiingereza, nakujibu kwa Kiswahili: je, watumwa waliotorokea kwa Waingereza wakati wa vita vya uhuru wa Marekani walikuwa wasaliti?

Nilipokuwa msichana, mgeni hapa Maryland, tulipelekwa na shule kuona shamba la zamani la tumbaku. Kwenye jumba la bwana tuliambiwa tufute viatu. Mtembezaji akamsifu bwana huyo kwa kupigania uhuru. Kisha akatupeleka kwenye kibanda cha watumwa wake, watu waliovushwa bahari kwa minyororo, wao au wazazi wao. Wenzangu wakaingia tu, kama wanaingia bandani.

“Hawa walikimbilia kwa adui,” akasema mtembezaji.

Nilibaki mlangoni, nikapiga hodi. Wakacheka.

Hasira ile haijaniisha. Adui wa nani? Waingereza nao si wema, meli zao ziliwaleta watu hao. Lakini waliwaahidi uhuru, na bwana aliupigania wa kwake tu.

Ukipelekwa huko, piga hodi kabla hujaingia. Wakicheka, piga tena.

Bibi yako